Alama ya Penseli Ukutani

Katika chuo kimoja hapa Nyeri palikuwa na ufa mwembamba kama uzi kwenye ukuta wa ngazi ya jengo la ghorofa tatu. Wanafunzi walipanda na kushuka kando yake bila kuuona. Ulipousogelea ndipo ulipogundua kwamba ncha yake ilikuwa imekatwa kwa mstari mdogo wa penseli, na kando ya mstari ule imeandikwa tarehe. Kidole kimoja juu yake palikuwa na mstari wa pili, na tarehe nyingine. Kisha wa tatu. Aliyeziandika ni msimamizi wa matengenezo wa chuo hicho, mzee aliyeingia kazini nywele zikiwa nyeusi. Wenzake wote, hata wenye shahada nyingi, humwita Fundi, na hulitamka neno hilo kwa heshima ile ile wanayolitamkia neno Profesa.

Nilimuuliza kwa nini anaandika badala ya kuziba. Sisi sote tumelelewa na methali ya ufa na ukuta, na nilidhani nimemkamata. Akanieleza kwa upole kwamba ufa uliozibwa kabla ya kueleweka umezibwa mdomo tu. Ugonjwa umebaki ndani, utatokea kwingine. Yeye hutaka kujua kama ufa umekufa au ungali hai. Ufa uliokufa ni kovu la jengo lililotulia, na rangi inautosha. Ufa ulio hai unatembea, na kazi ya fundi ni kujua unatembea lini na unasukumwa na nini.

Ule wa ngazini ulitembea wakati wa mvua na kulala wakati wa kiangazi. Hilo pekee lilimtosha kutoka nje na kuanza kuzunguka jengo, polepole, macho yakiwa chini. Nyuma ya kichaka cha maua alikuta bomba la kuteremshia maji ya paa limechomoka kwenye kiungo, na kila mvua iliponyesha, maji ya nusu ya paa yalimiminika penye msingi. Alirudisha bomba mahali pake, akajenga mfereji wa simiti wa kuyapeleka maji mbali, kisha akaacha ufa ulivyo. Misimu miwili ya mvua ikapita. Mstari wa tatu wa penseli haukuvukwa. Hapo ndipo alipopanda ngazini na mwiko na ndoo ya simiti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwatazama watu wa kazi hii kwa jicho jingine. Vyuo vyetu vina wahandisi, wachumi na wanasayansi ambao majina yao yamebandikwa milangoni. Lakini milango yenyewe, bawaba zake na vitasa vyake viko mikononi mwa watu ambao hatuwafikirii mpaka siku kitasa kinapogoma. Kazi yao ikifanywa vizuri haionekani. Maji yakitoka, nani husimama kuyashangaa?

Nyeri ni mahali pazuri pa kuitazamia kazi hii, kwa sababu hapa tunajua gharama ya jengo la chuo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Mweiga, hakikuanza kwa amri ya serikali. Kilianza mwaka 1972 kama Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, kwa harambee ya watu wa wilaya hii iliyoishi kwa kahawa, chai na ng'ombe wa maziwa. Miaka ile sehemu nyingi za Kenya zilikuwa zikichanga kujenga vyuo vyao vya ufundi, na Nyeri ilikipa chake jina la mwana wake, Dedan Kimathi, aliyenyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka 2007 taasisi ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na tarehe 14 Desemba 2012 ikapewa hati ya kujitegemea. Miezi michache baadaye, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Karatina nacho kikapata hati yake, upande wa pili wa kaunti, karibu na msitu wa Mlima Kenya.

Kwa hiyo jengo la chuo hapa linaweza kuwa na ndani yake shilingi ya mtu aliyeuza debe la kahawa. Anayezibua mfereji wa paa lake analinda mchango wa bibi fulani ambaye huenda hakuwahi kukanyaga darasa lolote. Sijui kama mafundi hulifikiria jambo hili wakiwa juu ya ngazi. Mimi hulifikiria kila ninapowaona huko.

Kalenda ya chuo ina mihula, mitihani na mahafali. Kalenda ya fundi wa Nyeri ni ya mbingu. Ipo mvua ya njahi, ile ndefu ya kuanzia Machi hadi Mei, na ipo mvua ya mwere ya Oktoba hadi Desemba. Wagikuyu waliziita kwa mimea iliyopandwa nazo, na mzee wetu huziita vivyo hivyo hata katika ripoti zake. Katikati kuna gathano, miezi ya baridi ya kuanzia Juni, ambapo ukungu hushuka kutoka Nyandarua, jua likapotea kwa siku nyingi, na manyunyu yasiyojaza hata kikombe yakalowesha kila kitu. Mgeni hudhani mvua kubwa ndiyo adui wa jengo. Mvua kubwa huonekana, hukimbia, na jua la kesho hukausha. Gathano ndiyo hukaa. Ndiyo huotesha ukungu wa kijani kwenye mawe ya upande usiopata jua, hubambua rangi ndani ya mabafu ya hosteli, na huvimbisha milango ya mbao hadi mtu akaisukuma kwa bega.

Basi fundi hufanya kazi akiwa msimu mmoja mbele. Februari, vumbi likiwa bado jekundu hewani na kila mtu akilalamikia joto, yeye anapandisha vijana juu ya paa. Wanazoa majani ya miti ya mukima na ya mikaratusi kwenye mifereji ya mabati, wanakaza misumari iliyolegezwa na kupanuka na kusinyaa kwa bati, wanatazama mpira chini ya kila kichwa cha msumari. Anayewatazama kutoka chini huweza kuona upuuzi: mvua iko wapi? Lakini hesabu yao ni rahisi na haina huruma. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 600 za mraba likipata mvua ya milimita 40 kwa alasiri moja, limepokea lita 24,000. Maji hayo lazima yaende mahali. Mfereji ukizibwa na kiota cha ndege, yatachagua yenyewe pa kwenda, na mara nyingi huchagua dari la maktaba.

Tazama pia kuta za majengo ya huku, chini kabisa, mahali rangi nyeupe inapokoma na kuanza ukanda wa rangi ya kahawia au nyeusi. Wengi hudhani ni pambo. Matone ya mvua yakigonga udongo wetu mwekundu huurusha ukutani, na ukanda ule ndio unaoupokea bila kutia aibu. Fundi mzuri hauamini ukanda peke yake. Huzungushia jengo njia ya simiti inayoinama kwenda nje, ili maji yasipate nafasi ya kusimama yakaongea na msingi. Ukielekea Kieni na Laikipia, unakokuta udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, njia hiyo huweza kuwa tofauti ya jengo lililonyooka na jengo lililopinda.

Lakini ukitaka kuuona ufundi wenyewe, fuata maji ya mabomba.

Vyuo vya huku vimejengwa kwenye miteremko, na mteremko hutoa zawadi na adhabu kwa mkono mmoja. Kila mita 10 za kimo kati ya tangi na bomba huongeza msukumo wa karibu bar moja. Hosteli iliyo bondeni hupata maji ya kurusha kofia, viungo vyake vikapasuka usiku. Ofisi iliyo karibu na tangi, juu kilimani, huambulia machozi. Fundi aliyezoea chuo chake anajua kila vali iko wapi, ipi hufunguliwa nusu na ipi haiguswi kamwe. Mara nyingi ramani hiyo haipo kwenye karatasi yoyote. Imo kichwani mwake, na hilo linanitia hofu, maana kichwa hustaafu.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hawalijui. Mara kadhaa kwa mwaka, hasa wakati wa likizo, mtu huamka saa nane usiku, akavaa koti zito na kofia ya sufu, akaenda na tochi mpaka kwenye mita kuu ya maji. Huinama, husoma, huandika. Husubiri saa moja ndani ya baridi hiyo ya Nyeri, kisha husoma tena. Saa hizo hakuna anayeoga wala anayepika. Kama mita imesogea, basi kuna mahali maji yanatoka bila mtu. Kuanzia hapo hufunga vali moja baada ya nyingine, akirudi kila mara kuitazama mita, mpaka ajue ni jengo gani linalokunywa gizani. Asubuhi humaliza uchunguzi chooni: hudondosha rangi ya keki ndani ya tangi la juu la kila choo na kungoja robo saa. Rangi ikionekana bakulini bila mtu kuvuta, mpira wa ndani umechoka. Choo kimoja cha namna hiyo, kinachovuja bila sauti, huweza kumaliza mamia ya lita kwa siku. Mpira wake ni wa bei ndogo. Naupenda uchunguzi huu kuliko mashine yoyote, kwa kuwa unahitaji vitu viwili tu, rangi na subira.

Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya korona, hosteli zilibaki tupu kwa miezi. Wengi wetu tulidhani majengo nayo yamepumzika. Jengo lisilokaliwa huzeeka haraka, na watu wa matengenezo ndio waliolijua hilo. Chini ya kila sinki na kila bafu kuna bomba lililopinda kama shingo ya bata, na ndani ya pindo hilo hukaa maji kidogo yanayozuia hewa ya majitaka kupanda chumbani. Bomba lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka. Maji yaliyosimama mabombani nayo huharibika na kuzaa vijidudu. Kwa hiyo mtu mwenye barakoa alipita chumba baada ya chumba, ghorofa baada ya ghorofa, akifungua kila bomba, akivuta kila choo, akifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Hakuna aliyemwona. Wanafunzi waliporudi walikuta vyumba visivyo na harufu, wakavitia mizigo yao bila kuuliza.

Nikisema fundi, usimfikirie mwanamume mwenye spana peke yake. Macho ya kwanza ya chuo ni ya akina mama wa usafi. Wanaingia kabla ya jua, wanapiga magoti mahali ambapo mkurugenzi hajawahi kupainamia, na mikono yao hugusa kila kona kila siku. Wao ndio hujua kigae kilichoanza kutoa mlio wa utupu, soketi iliyobadilika rangi kuwa kahawia, unga mweupe wa chumvi uliochomoza chini ya ukuta, dalili kwamba maji yanapanda kutoka ardhini. Mzee wetu ameweka kaunta buku penye mlango wa stoo yake, na kila asubuhi mama mmoja baada ya mwingine huandika aliloliona: tarehe, jengo, chumba, tatizo. Safu ya mwisho huachwa wazi kwa sahihi ya aliyelirekebisha. Nimeona vyuo vilivyonunua programu za kompyuta kwa kazi hiyo hiyo, na ni jambo jema. Ila programu isiyopata taarifa kutoka kwa aliyepiga magoti ni daftari tupu lenye kioo.

Julai huleta shida yake ya stima. Baridi ikiwashika wanafunzi, koili za kuchemshia maji hutoka mafichoni, pamoja na majiko madogo ya umeme, vyote vikichomekwa kwenye soketi moja iliyogawanywa mara nne. Swichi kuu zinaanguka. Kijana mwerevu wa mwaka wa pili hujaribu kuzizuia zisianguke, na hapo ndipo hatari inapoanza, maana swichi inayoanguka imefanya kazi yake. Fundi umeme anayepita korido usiku ananusa kabla ya kutazama. Plastiki inayopata moto ina harufu ambayo ukiijua huisahau.

Moto ndio unaoipa kazi hii uzito usiobebeka kwa maneno mepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililokamilika mwaka 1941, liliungua huko Kampala, na ilichukua hadi mwaka 2024 kulifungua tena. Kuta hurudi. Kwetu Nyeri tunayo maumivu yasiyorudishika: usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, moto katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, huko Kieni, uliua wavulana 21. Mwongozo wa usalama wa shule za Kenya wa mwaka 2008 ulishaagiza milango ya mabweni ifunguke kwenda nje na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia mtu kutoka. Maagizo hayo yanasomeka kwa dakika moja. Kuyatimiza ni kazi ya kila wiki: kusukuma kila mlango wa dharura kwa mkono wako mwenyewe, kuondoa kufuli ambalo mlinzi ameweka kwa hofu ya wezi, kuondoa magodoro yaliyorundikwa njiani, kuinua kila mtungi wa kuzimia moto na kutazama mshale wake kama bado uko kwenye kijani. Jenereta nayo huwashwa kila wiki na kupewa mzigo wa kweli, si kuachwa ikinguruma bure, ili ithibitishe kwamba itaamka siku stima itakapopotea. Ningependa kila mzazi anayempeleka mtoto chuoni aulize jina la anayefanya mzunguko huo, kabla ya kuuliza kama hosteli ina intaneti.

Katika ufundi huu nimejifunza kuheshimu namna ya kutazama. Vyuo vingi vilivyo mbali na mfereji mkuu wa mji hutibu majitaka yao kwa mabwawa ya wazi. Nilidhani ni mahali pa kuziba pua. Nilipopelekwa kwenye moja nilionyeshwa rangi: maji ya kijani ni bwawa lenye afya, kwa kuwa mwani wake unatengeneza hewa ambayo vijidudu vinaihitaji ili vile uchafu. Yakigeuka kijivu au ya waridi, bwawa limelemewa. Aliyenionyesha alisimama ukingoni akiyatazama kama mkulima anavyoitazama mikahawa yake, na hakuwa na haja ya kipimo kujua kwamba wiki ile wanafunzi wote walikuwa wamerudi.

Yako yanayoniuma. Jengo jipya lina siku ya kukata utepe, jiwe la msingi na jina la mheshimiwa kwa herufi za dhahabu. Bajeti ya matengenezo haina utepe, na mwaka ukiwa mgumu ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu paa lisilofanyiwa kazi mwaka huu halianguki mwaka huu. Linangoja. Na kuna kosa jingine linalofanywa mapema zaidi, kwenye meza ya michoro: vali inazikwa ndani ya ukuta, dari linafungwa bila mlango wa kupitia, paa linaezekwa bila ngazi ya kulifikia, taa zinatundikwa juu ya ukumbi mahali ambapo hakuna mtu atakayezifikia bila kukodi jukwaa la chuma. Kila moja ni deni analoachiwa mtu ambaye hakuitwa wakati wa kukopa.

Basi kwa walio kwenye mabaraza ya vyuo vyetu, hapa Nyeri na kwingineko, nina ombi. Mnapokaa kupitisha jengo jipya, kabla simiti haijamwagwa, mwiteni fundi wa matengenezo na mama mmoja wa usafi. Wawekeeni mchoro mezani, waulizeni maji ya paa yatakwenda wapi na nani atafikia vali, na mwandike majibu yao. Na kabla mzee wetu hajastaafu, mtumeni kijana mmoja atembee naye mwaka mzima, kuanzia njahi hadi njahi, akiwa na penseli.